Mkusanyaji Hanunui Chuma, Ananunua Maandishi ya Chini

Tangu jimbo la Minnesota lipige marufuku, kuanzia tarehe 1 Januari 2025, kuuza vyombo vya kupikia vilivyowekewa kwa makusudi kemikali za PFAS, zile za kufanya chakula kisishike, na Colorado nayo ikafuata Januari 2026, habari za vikaangio vya chuma zimekuwa nyingi mpaka kero. Watu wanatupa flampeni zao zile za kutoshika chakula, wanaulizana kinunuliwe chuma gani, na kwenye magrupu ya Waswahili wa huku Marekani jibu ni lile lile kila siku: tafuta Griswold, ukikosa tafuta Wagner, majina ya viwanda vya zamani vya hapa, usinunue vya siku hizi maana chuma cha zamani kilikuwa chuma kweli. Halafu mtu anaingia kwenye mnada wa mtandaoni anakuta kikaangio kimoja kinatakiwa dola 120 na kingine kinachofanana nacho kama pacha kiko dola 30, anachanganyikiwa, anaamua kwamba hicho cha 120 lazima kinapika vizuri mara nne. Hapo ndo anapoliwa. Bei anayoiona pale sio bei ya mpishi, ni bei ya mkusanyaji, na mkusanyaji ana sababu zake ambazo kwa mtu anayetaka kukaanga mayai yake asubuhi aende kazini hazimhusu sana.

Mimi ninavyoliona, wakusanyaji wanaipandisha Griswold juu ya wengine wote kwa sababu inasomeka. Ukikigeuza kikaangio chake unajua kilitengenezwa na nani, mji gani, takriban miaka ipi, na kinakaa nafasi ya ngapi kwenye seti ambayo orodha yake yote inajulikana. Ubora wa kazi upo, hilo sibishi hata kidogo, lakini ubora unaeleza kwa nini cha zamani kinapendwa kuliko cha kisasa, hauelezi kwa nini jina moja la zamani linalipiwa mara tatu au nne ya jina lingine la zamani wakati vyote vimetoka enzi moja, kwa kazi ya aina moja, na mara nyingine kwa kalibu zilizonakiliwa kabisa kutoka kwa jirani.

Historia yake si ndefu. Erie ni mji wa bandari kwenye ziwa la jina hilo hilo, kaskazini magharibi mwa Pennsylvania. Mwaka 1865 Matthew Griswold aliungana na familia ya Selden wakafungua kiwanda cha kusubu chuma, wakaanza na bawaba na vitu vidogo vidogo vya nyumba, na mwaka 1884 Griswold akawanunua wenzake akabaki na kiwanda. Vikaangio vya mwanzo vilikuwa na neno ERIE tu chini, basi. Baadae, kuanzia kama 1906 hivi, ikaja ile nembo ambayo leo watu wanaifukuzia: msalaba ndani ya duara mbili, na jina GRISWOLD limepita katikati ya msalaba. Mwanzoni herufi zililala upande, miaka ya 1920 zikasimama wima zikawa kubwa, na kutoka mwishoni mwa miaka ya 1930 nembo ikafanywa ndogo mpaka kiwanda cha Erie kilipofungwa mwaka 1957. Kule Sidney, Ohio, ndugu wa ukoo wa Wagner walianza mwaka 1891. Tennessee, kwenye mji mdogo wa South Pittsburg, Joseph Lodge alifungua cha kwake mwaka 1896 akakiita Blacklock kwa heshima ya rafiki yake mchungaji, kikaungua mwaka 1910, akakijenga upya kwa jina la Lodge ambalo lipo mpaka leo. Birmingham, Alabama, kulikuwa na Birmingham Stove & Range tangu 1902. Na katikati hapo kuna majina madogo madogo, Wapak, Favorite wa Piqua, Vollrath wa Wisconsin, wengine walidumu miaka ishirini na kitu wakapotea.

Kilichowaua wengi sio siri. Alumini ilikuwa nyepesi na rahisi, chuma kisichoshika kutu kikashuka bei, halafu ikaja Teflon, na mama wa nyumbani wa Marekani wa miaka ya 1950 na 1960 hakuwa na hamu tena ya kubeba kitu cha kilo mbili kwa mkono mmoja. Jina la Griswold likauzwa, likauzwa tena, likaishia mikononi mwa wenye Wagner kule Sidney, na Sidney nako wakazima tanuru mwaka 1999. Aliyebaki kwenye wale wakubwa ni Lodge peke yake.

Sasa tuje kwenye hoja nzito zaidi ya upande ule mwingine, wa wanaosema kinacholipiwa ni ubora, na naianza yenyewe kwa sababu ina ukweli ndani yake. Wanasema vya zamani vilitengenezwa kwa mkono na ndio maana ni vyepesi na laini. Ni kweli. Fundi alikuwa na boksi la pande mbili, anashindilia mchanga wenye unyevu kuzunguka kielelezo cha kikaangio, anafungua, anatoa kielelezo, anafunga tena, uwazi uliobaki ndo kalibu, chuma kilichoyeyuka kinamiminwa humo, kikipoa mchanga unabomolewa na kazi inaanza upya kwa kalibu nyingine. Mkono wenye uzoefu uliweza kutoa ukuta mwembamba sana. Baada ya hapo ndani kunasagwa kwa jiwe mpaka sehemu ya kupikia inakuwa laini, ukiinamisha kikaangio cha namna hiyo kwenye mwanga wa dirisha unaona mistari myembamba ya jiwe imezunguka kutoka katikati kwenda pembeni, imejaa gamba la mafuta la miaka lakini bado ipo. Siku hizi mashine ndo zinashindilia mchanga, zile za Kidenishi zilizoanza kuuzwa miaka ya 1960 zinatoa kalibu mfululizo saa nzima bila kuchoka, na ili chuma kijae vizuri kwa kasi hiyo bila kutoa mapengo ukuta inabidi uwe mnene kidogo. Kusaga ndani ni gharama kwa hiyo hawasagi, wanaacha ule ukwaruukwaru wa mchanga, na Lodge tangu 2002 wanakipaka mafuta na kukichoma kiwandani kabisa ili ukitoe dukani kikiwa tayari cheusi. Matokeo yake unayapima kwa mkono: Griswold ya saizi namba 8 haifiki kilo 2, ya Lodge ya leo yenye upana unaokaribia huo inapita kilo 2 na robo. Mwenye mkono unaouma, au mama mtu mzima, anaijua hiyo tofauti siku ya kwanza.

Lakini angalia hoja hiyo inaishia wapi. Inaishia kwenye uzio kati ya zamani na sasa. Favorite wa Piqua walisaga. Wagner walisaga, na wapo watu wenye mikono mizoefu wanaosema Wagner za miaka ya 1920 ni nyepesi na laini kuliko Griswold. Vollrath hivyo hivyo. Kama kinachonunuliwa ni wembamba na ulaini, bei zao zingekaribiana, na hazikaribiani.

Hoja ya pili ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo inayosambaa zaidi, kwamba madini yenyewe yalikuwa tofauti, kwamba kulikuwa na chuma safi enzi hizo na sasa wanayeyusha mabaki ya magari. Kwanza kuyeyusha chuma chakavu sio uvumbuzi wa juzi, viwanda vya kusubu vimekuwa vikirudisha mabaki kwenye tanuru tangu zamani, maana kikaangio kilichotoka na ufa hukitupi, unakirudisha. Pili, chuma cha aina hii ni mchanganyiko ule ule, feri na kaboni inayozidi asilimia 2, kwa kawaida 3 na kitu, na silikoni kiasi, na kama kuna mabadiliko basi tanuru za umeme za leo zinampa mtu wa maabara nafasi ya kupima na kurekebisha mchanganyiko kabla ya kumimina, jambo ambalo fundi wa 1910 alilifanya kwa jicho na uzoefu. Tatu, hata hii sifa ya kwamba chuma kinasambaza moto sawasawa, inayosemwa sana na wauzaji, sio kweli kwa cha zamani wala kwa kipya. Alumini inapitisha joto takriban mara nne ya chuma hiki. Weka kikaangio cha chuma kwenye moto mdogo wa gesi, nyunyiza unga kidogo uone unavyoungua duara katikati huku pembeni bado mweupe. Chuma sifa yake ni kushika joto, kikishapata hakiachii haraka, na hapo sasa uzito unasaidia, yaani kwa kazi ya kuchoma nyama ipate rangi kile kizito cha kisasa kina faida kuliko kile chembamba cha miaka ya 1920 ambacho ukitupia kipande cha nyama ya baridi kinashtuka. Watu wa magrupu hili hawapendi kulisikia.

Na huo wembamba unaosifiwa ndo ugonjwa wake pia. Kikaangio chembamba ukikiweka kwenye jiko la umeme la kioo ukawasha moto wa mwisho ghafla kinapinda, chini kunatuna, ukikisukuma kidole kinazunguka. Vilivyobaki vimenyooka mpaka leo ni vile vilivyobahatika kupata mwenye nyumba mwenye subira, vilivyopinda na kupasuka viliuzwa chuma chakavu zamani, na nadhani sehemu kubwa ya imani kwamba zamani hawakutengeneza kibovu inatoka hapo: vibovu havipo kuja kujitetea.

Basi tukiondoa madini, na tukiiacha kazi ya mkono mahali pake, tunabaki na swali lenyewe, kwa nini jina hili. Mimi nalipima kwa vikaangio vitatu.

Cha kwanza ni cha Birmingham Stove & Range. Hiki kwa miaka mingi hakikuwa na jina la kampuni. Ukikigeuza unakuta namba ya saizi na herufi moja, labda, na ule ukingo wa duara uliochomoza chini ambao kazi yake ilikuwa kukaa kwenye tundu la jiko la kuni. Walivitengeneza vingi sana, vinapika vizuri, vimejaa kwenye nyumba za kusini mwa Marekani, na bei yake ni ya chini mpaka unaona haya. Hata hilo jina la Red Mountain ambalo watu wanalitumia kwa vile vya zamani zaidi halimo kwenye chuma chenyewe, limetokana na mlima wa mawe ya chuma uliopo hapo Birmingham, maana bila jina hata kukielezea ilikuwa shida. Chuma kipo, kazi ipo, maandishi hayapo, na hela haipo.

Cha pili ni Griswold yenyewe, ila ya baada ya 1957. Jina ni lile lile, nembo inafanana, lakini kilimiminwa Sidney, na mkusanyaji akitazama chini akakosa maneno ERIE PA., yaani Erie, Pennsylvania, anakirudisha mezani. Vipo hata vyenye nembo mbili kwa pamoja, ya Griswold na ya Wagner kwenye kikaangio kimoja, ambavyo mtu angedhani vitapendwa mara mbili, wapi. Niwe mkweli hapa, kazi ya miaka hiyo nayo ilikuwa imeshuka, vilikuwa vizito zaidi na ndani havikushughulikiwa kama vya mwanzo, kwa hiyo wanaosema ubora ndio sababu wana pa kushikia. Lakini anayekataa kwa ubora angeshika kwanza, angepima uzito, angepitisha kiganja ndani. Huyu anasoma tu chini na anarudisha.

Cha tatu ni Wagner, na hiki ndicho kigumu kwa hoja yangu kwa sababu nacho kina maandishi, tena mazuri, WAGNER WARE SIDNEY -O- na ile W kubwa inayobebwa na maneno mawili kwa pamoja. Kama kusomeka ndiyo kila kitu, mbona kinabaki nafasi ya pili? Nadhani sababu ni kwamba Griswold ya Erie ina mwisho unaoeleweka, 1957 tanuru la Erie likazimwa na kila chenye ERIE PA. kiko upande wa huku wa mstari, wakati jina la Wagner liliendelea kugongwa kwenye vitu vya kila aina kwa miongo mingine minne. Miaka ya 1990 walitoa toleo lenye maneno Wagner's 1891 Original, chini yake kumeandikwa maelekezo marefu ya namna ya kukitunza, na mpaka leo kuna wauzaji wanaoliweka sokoni kama kitu cha mwaka 1891, wengine kwa kutojua na wengine wanajua vizuri sana. Ukikuta kikaangio kina insha ya matunzo kwenye makalio yake jua kwamba hakikukutana na jiko la kuni maishani. Jina linalohitaji maelezo namna hiyo linamchosha mnunuzi mgeni, na mnunuzi mgeni ndiye anayepandisha bei.

Halafu kuna Wapak, hawa walikuwa Wapakoneta, Ohio, toka 1903 mpaka 1926. Wao walichukua vikaangio vya ERIE vya jirani wakavitumia kama vielelezo vya kutengenezea kalibu. Kwa hiyo ukikipata kimoja cha namna hiyo na ukakisafisha mpaka chuma kitupu, ukikigeuza ukakielekeza kwenye taa kwa ubavu, unaona chini ya jina la Wapak kivuli cha herufi za ERIE, hafifu sana, kama maandishi yaliyofutwa ubaoni vibaya. Wakusanyaji wana hamu na vikaangio hivyo vya kivuli kuliko Wapak vya kawaida. Nakala ya wizi, ambayo kwa kawaida ingepaswa kuwa ya hali ya chini, inapendwa kwa sababu ya herufi nne zinazoonekana kwa shida. Sijaona ushahidi unaosema waziwazi zaidi ya huo kwamba kinachonunuliwa ni maandishi.

Waswahili hili tunalielewa bila kufundishwa, anayekusanya kanga za zamani anatafuta kwanza pembeni yale maandishi madogo ya K.H.E. Mali ya Abdulla ya Mombasa kabla hata hajashika kitambaa kuona ni kizito au chepesi.

Tukija kwenye seti ndo utaona mambo yanapinduka kabisa. Griswold walitoa katalogi nyingi na kila kipande walikipa namba mbili, moja ya saizi na nyingine ya kielelezo, kwa mfano namba 8 ina 704 chini yake, namba 3 ina 709, namba 10 ina 716. Mtu akishajua kwamba kuna orodha, anataka orodha yote, ukutani, yote ya nembo moja. Sasa fikiria: namba 8 ndio saizi ya kila nyumba, ilimiminwa kwa wingi, kwa hiyo ndiyo yenye manufaa zaidi jikoni na ndiyo rahisi kupatikana. Namba 13, yenye kielelezo 720, ni kubwa, ilinunuliwa na wachache, na leo inapita dola elfu moja bila shida ikiwa nzima. Wapo wanaosema ni mkosi wa namba 13 kwa Wamarekani, wengine wanasema ni ukubwa tu, ila namba 14 ni kubwa zaidi na haisumbui kupatikana kiasi hicho, kwa hiyo huenda ule mkosi ulichangia kweli. Vyovyote iwavyo, kipande ambacho wapishi wa enzi hizo hawakukitaka ndicho kinacholipiwa zaidi leo. Pale juu kabisa kuna vile vichache vyenye picha ya buibui kwenye utando wake, ambavyo vinauzwa kwa maelfu, na sidhani kama kuna mtu mwenye akili timamu anavikaangia vitunguu. Ukiongeza na ile mirundo ya vitu vya ajabu ambavyo Erie walitengeneza, kalibu za keki za umbo la mwanakondoo, sungura, Santa, vyuma vya kuokea waffle, unaelewa kwa nini mtu anaweza kutumia maisha yake yote kwenye kampuni moja asimalize. Birmingham hawakumpa mtu mchezo huo.

Kuna hoja ya tatu ambayo nimeisikia hata kwa ndugu zetu hapa Ohio, kwamba haya yote ni upuuzi wa wazungu wenye hela, bei zimepikwa na mtandao na zitaporomoka. Nusu yake naikubali. Mtandao umempa kila mwenye kikaangio cha bibi ndoto ya utajiri, na bei nyingi unazoziona zimeandikwa tu hazijalipwa na mtu. Ila utaratibu wenyewe ulikuwepo kabla: vyama vya wakusanyaji kama ule wa Wagner na Griswold, mikutano yao, vitabu vya bei, watu waliokuwa wanabishana urefu wa mpini wa mwaka fulani wakati simu bado zina waya. Na soko lina walinzi wake. Anayetaka kughushi kipande adimu njia rahisi ni kukigandamiza cha kweli kwenye mchanga na kumimina, lakini chuma kikipoa kinasinyaa kama asilimia 1 hivi, kwa hiyo cha kughushi kinatoka kidogo kuliko baba yake, na herufi zinatoka zimevimba na kukwaruza. Mkusanyaji anakuja na futi na picha, anapima upana, anaondoka. Huwezi kusema watu wanaopima mpaka milimita hawajui wanachokinunua.

Ukishaelewa hivyo tabia zao nyingine ambazo zinaonekana za kichaa zinaanza kuwa na maana. Kwa mfano ukimwambia mpishi kwamba umechukua msasa wa umeme ukakwangua ndani ya Griswold iliyochakaa mpaka ikang'aa, atakupongeza. Ukimwambia mkusanyaji atakutazama kama umeua mtu, maana ile mistari ya jiwe la kiwandani umeifuta na haitarudi. Wao gamba la mafuta wanalitoa kwa kostiksoda, na kutu kwa umeme wa chaji ya betri ndani ya beseni la maji ya magadi, polepole, ili wasiguse ngozi yenyewe. Na kukitupa kikaangio motoni ili kiungue uchafu, njia ambayo wazee wengi waliitumia, kwao ndo dhambi kubwa kabisa, kinatoka na wekundu usiokubali mafuta tena na mara nyingi kimepinda.

Kwa mtu anayetoka kwenye PFAS na anayetaka kupika tu, maana ya yote haya ni kwamba hana sababu ya kulipia nembo. Chuma kitupu hakina PFAS, kiwe cha 1925 au kiwe kimetoka dukani jana kwa dola 25, na kwa usalama cha jana kina unafuu mmoja ambao hausemwi: cha zamani hujui kilipitia wapi. Marekani watu walikuwa wanayeyushia madini ya risasi kwenye vikaangio, ya kutengenezea vizito vya ndoano za samaki na risasi za bunduki, nyumbani kabisa, na chombo kilichofanya kazi hiyo hakifai tena kupikia hata ukisafishe vipi. Vipimo vidogo vya risasi vinauzwa, ni bora ukinunua kitu cha mtumba upime kabla hujakipaka mafuta. Baada ya hapo kiweke mezani palipo sawa uone kama kinacheza, kigonge kwa ukucha ukiwa umekining'iniza kwenye kidole usikie kama kinalia au kinatoa sauti butu ya ufa, na tazama chini kama kuna vishimo vilivyoliwa na moshi wa makaa ya mawe. Kutu isikutishe. Jina lisikutishe pia. Na kwa wale wenye mpango wa kupeleka nyumbani, jiko la mkaa linakipenda sana kikaangio chenye ule ukingo wa chini, ila begi ni kilo 23, na vitatu tu vya hivi vimekula kilo 6.

Kwa soko lenyewe naona linakatika vipande viwili. Kampuni mpya kama Field na Smithey zinatengeneza vikaangio vyepesi na laini vya namna ya zamani na zinaviuza zaidi ya dola 100, Lodge nao mwaka 2019 walitoa toleo jepesi wakalirudishia jina la Blacklock. Maana yake ulaini na wepesi sasa una bei yake dukani, mtu yeyote anaweza kuununua akiwa na risiti na garantii, kwa hiyo Griswold namba 8 iliyochoka, yenye nembo ndogo, ambayo ilikuwa inalipiwa kwa sababu ya kupika, itakosa sababu ya kupanda zaidi ya hapo. Namba 13 haitaguswa na Field hata kidogo. Ninachokitazama zaidi ni kile cha Birmingham kisicho na jina, kwa sababu wakusanyaji wameshaanza kukipangia orodha, herufi hii ya miaka ipi, mpini huu wa kabla au baada ya vita, na kitu kikishapangiwa orodha kinakuwa na namba adimu, na namba adimu inatafutiwa nafasi ukutani. Kwa sasa bado unaweza kukipata kwa bei ya milo miwili ya mgahawani, chini ya meza, kwenye mnada wa vyombo vya marehemu, wakati watu wote wamesimama kwenye foleni ya kile chenye msalaba.